Karata za Mjukuu na Kitabu cha Babu

Haya nitakayoyaeleza yamenikaa kifuani karibu miaka 40, na lau si mjukuu wangu aliyenijia hapa Matai mwezi wa Julai, huenda ningeyachukua mpaka kaburini.

Mjukuu wangu huyu ni msichana wa chuo, mwenye adabu zake, anaswali, na Qur'ani aliihitimu kwa bibi yake huko Pangani kabla hajamaliza shule ya msingi. Alitoka Dar es Salaam kwa basi mpaka Sumbawanga, kisha akapanda gari dogo la kuja huku kwetu, akashuka amejitanda mtandio juu ya koti na meno yanagongana, maana baridi ya Ufipa haimwonei huruma mtu wa pwani. Usiku wa pili umeme ulikuwa umekatika. Baada ya Isha tukakaa ukumbini kwa taa ya chemli, naye akatoa mkobani pakiti mbili za karata akazipanga juu ya mkeka.

Nilidhani ni karata za wahedi wasitini, nikawa tayari kumkumbusha kwamba marehemu baba yangu hakupenda karata ndani ya nyumba. Nilipoinama nikaona sizo. Hapa mnara unapigwa na radi na watu wanaanguka. Hapa mzee amesimama peke yake juu ya kilele na taa mkononi. Hapa mwezi unatazamwa na mbwa wawili. Nikamwuliza ni nini. Akasema ni taroti, kwamba watu huko duniani huzipanga na kusoma mambo yao.

Pakiti ya kwanza ilikuwa mpya yenye kung'aa, rangi zake zinapiga kelele kama kanga ya sikukuu. Ya pili ilikuwa na karatasi rangi ya chai, michoro yake ya wino mwembamba, na rangi zake zimepauka kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. Mtoto akaiweka ile ya pili kiganjani kwa taratibu, kama mtu anayeshika kifaranga, akaniambia: "Babu, hizi mpya nilizinunua kwanza, lakini hazina roho. Hizi za zamani ndizo zinazosema."

Nikamwomba anisomee mwaka ulioandikwa kwenye kisanduku. Akaugeuza, akautafuta, akasoma, kisha akacheka mwenyewe. Mwaka chapa ile ilipotoka, yeye alikuwa ameshazaliwa na anakimbia uani.

Huenda wasomaji wengi hawajapata kuziona karata hizi, basi nitaeleza ninayoyajua, kwani asili yake si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za Misri za zama za Mamaluki, hazina sura za watu, zina nakshi na maandishi tu. Mafungu yake ni manne: vikombe, dinari, panga, na magongo ya kuchezea polo. Karata za namna hiyo zilivuka bahari zikaingia Ulaya, na Waspania mpaka leo huziita naipes, jina ambalo linadhaniwa limetokana na naibu, cheo kilichoandikwa juu ya karata zile. Sisi wa pwani nasi tukazipokea kwa Wareno. Tunasema kopa, uru, shupaza na pau bila kufikiri. Kumbe kwa Mreno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, na paus ni magongo. Michoro imegeuka, kopa amekuwa moyo na uru amekuwa almasi, lakini majina ya Mamaluki tunayo mdomoni kila tunapoitisha turufu barazani.

Katika karne ya 15 Wataliana wa kaskazini, katika miji kama Milan na Ferrara, waliongeza juu ya mafungu hayo manne karata 22 za picha, jumla ikawa 78. Hizo ndizo taroti. Na kwa karibu miaka 300 zilikuwa mchezo tu, watu wanashindana na kulaumiana kama wanavyolaumiana watu wa bao. Kisha mwaka 1781 akatokea Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, akaandika mjini Paris kwamba karata hizi ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya Firauni. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya nzima aliyeweza kuyasoma maandishi ya Mafirauni; Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Haidhuru! Watu walishaamini, na karata zikaanza kuulizwa habari za ndoa na za biashara.

Zile za mjukuu wangu zilichorwa na mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikachapwa London mwaka 1909. Mama huyo alilipwa ujira mdogo, akafa mwaka 1951 na madeni. Baadaye zikachapwa tena na tena, na wapo walioona kwamba rangi za chapa hizo za baadaye ni kali mno. Mwaka 2009, ilipotimia miaka 100, ikatoka kwa kampuni moja ya Marekani chapa yenye rangi za kupauka, ifanane na ile ya mwanzo. Wako wanaoipenda hii kuliko nyingine zote, na mjukuu wangu ni mmoja wao.

Nilipokuwa nayasikiliza maneno yake nilikumbuka habari ya mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa. Mtume (S.A.W.) alikataa kuingia ndani ya Al-Kaaba mpaka yaliyokuwamo yatolewe, na miongoni mwa yaliyotolewa ilikuwamo sura ya Nabii Ibrahim na Ismail (A.S.) wameshikishwa mishale ya kupigia ramli. Mtume akawaapiza waliofanya hivyo, kwani walijua fika kwamba wawili wale hawakupata kupiga ramli kamwe. Tazama, ndugu yangu, walivyofanya Makureshi. Mishale ilikuwa yao, lakini waliona haitoshi kuwa yao. Walimtafuta mzee wa kale kuliko wote wakamtia mkononi.

Sikumgombeza mtoto. Mimi sina mdomo wa kumgombeza, na sababu ni hii.

Nilikuja Matai mwaka 1982 na cherehani yangu, kijana wa Pangani mwenye miaka 25. Mwenzangu mmoja aliniambia kuna kazi ya kushona kwenye njia iendayo mpaka wa Zambia, na kweli ilikuwapo. Jamaa zangu walinililia kama mtu anayekwenda vitani. Mnajua nyote jinsi Sumbawanga inavyosemwa huko pwani. Wenyeji hueleza kwamba jina lenyewe maana yake ni kuutupa uchawi, sisi tunalichukua kinyume. Nikafungiwa hirizi mbili. Kumbe nilipofika niliwakuta watu wa jembe na maksai, wapole, wanakula ugali wao wa ulezi, wengi wao Wakatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili. Na wao ndio walioniogopa mimi. Mpwani! Mwenye kofia na kitabu cha Kiarabu!

Kitabu ninacho kweli. Ni cha babu yangu mzaa baba, aliyefariki mwaka 1969, kitabu cha falaki kinachobeba jina la Abu Maashar, mnajimu wa Balkh aliyekufa mwaka 886. Ni chapa ya Misri ya zamani, karatasi imekuwa ya manjano, pembezoni imeliwa na mende, na ndani yake kuna harufu ya udi wa babu. Unahesabu kwa abjadi herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, unaangusha kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndicho burji yake, kisha unasoma. Babu alikuwa akifungua kwa ajili ya majirani. Mimi nilijua kusoma tu. Elimu nyingine ya babu sikuwa nayo.

Ilianza kwa mzaha. Mteja mmoja alikiona kitabu juu ya rafu ya vitambaa akaniomba nimwangalizie. Nikamwangalizia. Akaja wa pili. Punde si punde nikawa napata kuku, debe la maharage, mara nyingine pesa kuliko za kushona. Nilipoona kitabu cha babu kinazidi kuchanika, nilipokwenda Dar es Salaam nikanunua chapa mpya ya kitabu kile kile, jalada linang'aa, karatasi nyeupe. Nikakaa usiku mmoja nikavilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Maneno ni yale yale, majedwali ni yale yale.

Basi akaja bwana mmoja aliyepotelewa na mbuzi, nikamfungulia kile kipya. Mbuzi hakuonekana. Yule bwana hakunung'unika wala hakudai chake, alicheka tu akasema hadharani kwamba hicho ni kitabu cha dukani, na kwamba akija tena atataka kile cha mzee. Wengine wakafuata maneno yake. Nikikitoa kipya wanakitazama hivi, kama mtu aliyepewa chai ya jana.

Hapa ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilibandua lile jalada, nikapika chai ya rangi nzito, nikapaka karatasi moja moja kwa kitambaa, nikazianika. Nikakitundika kitabu juu ya jiko la kuni muda wa mwezi mzima. Nikakishonea ngozi ya mbuzi kwa mkono wangu mwenyewe, na kazi ya kushona ndiyo kazi yangu. Kilipotoka pale hata mimi nilipokishika niliona kama kina siri. Cha babu nikakifungia sandukuni. Watu wakarudi, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa Juni mwaka 1986 alikuja mama mmoja jirani yangu. Mwanawe alikuwa amevuka mpaka kwenda Mbala kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wakati ule ambapo hata kipande cha sabuni tulikifuata Zambia. Tangu Pasaka hakuwa amepata habari yake. Ndugu wa yule mama alikuwa amekwisha tayarisha baiskeli amfuate, safari ya siku mbili. Mama alitaka kwanza kujua kama iko haja.

Nikakifungua kile cha chai na moshi. Nikahesabu jina la kijana, nikahesabu jina lake yeye, nikaangusha, nikasoma. Maneno yalikuwa kwamba msafiri amecheleweshwa ila yumo njiani na mkononi ana kheri. Wallahi sikuongeza neno. Nilisoma kilichoandikwa, na uso wa yule mama ukafunguka. Akaenda kumwambia ndugu yake aiweke baiskeli, mtoto yumo njiani.

Walingoja Juni yote, wakangoja Julai. Mwezi wa Agosti mchuuzi mmoja akaleta habari kwamba kijana yu mgonjwa wa kifua kule Mbala, amelala muda mrefu hana mtu wa kwake. Mjomba akaondoka siku ile ile. Walimrudisha akiwa hai, nyuma ya gari la mizigo, amefunikwa blanketi. Aliishi siku 18. Niliambiwa na mjomba wake kwamba alikuwa akiuliza mbona hawakuja mapema. Sijui kama angepona, Mwenyezi Mungu (S.W.) ndiye ajuaye, labda ajali yake ilikuwa imefika. Lakini miezi ile miwili niliiweka mimi katikati yake na mama yake.

Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma kabisa. Nikafunga duka kwa wiki nzima nikisingizia homa. Nilijua hadithi inayosema kwamba anayemwendea mwaguzi akamwuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku 40. Kama hiyo ndiyo hali ya anayeuliza, mimi niliyekuwa nikijibu je?

Lakini kilichonivunja zaidi si mazishi. Miezi mitatu baadaye yule mama alikuja dukani na gauni la kupunguzwa. Nilitetemeka nikijua sasa atasema. Akakaa, akanyamaza, kisha akaniambia kwa sauti ya upole: "Fundi, nataka uniangalizie habari ya binti yangu. Ila safari hii usome polepole. Kitabu cha wazee kama kile hakiwezi kukosea. Nadhani siku ile wewe ulihesabu vibaya."

Ndugu msomaji, yule bwana wa mbuzi alipoona kitabu cheupe kimekosa, alikicheka akakiacha, na akili yake ilibaki naye. Mama huyu alizika mtoto, na kitabu kikabaki safi. Alikuwa tayari kunilaumu mimi, hata kujilaumu mwenyewe, kabla ya kuilaumu karatasi ya manjano. Na umanjano wenyewe ulikuwa wa majani ya chai niliyonunua kwa senti zangu.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilimwambia tu kwamba nimeacha kazi hiyo, nikampunguzia gauni bure. Amekwisha fariki sasa, naye hakujua. Kitabu kile, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na majina ya Mwenyezi Mungu, sikuthubutu kukitupa jalalani. Nilikifukia usiku mahali pasipokanyagwa. Cha babu kilibaki sandukuni.

Nilipomaliza kumsimulia mjukuu wangu, alikuwa amezikusanya karata zote mbili bila mimi kumwambia. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, na alisema kwa adabu, kwamba yeye haulizi ghaibu. Anazitazama picha ili aufikirie moyo wake. Zile za rangi kali zinamkumbusha matangazo ya biashara, na zile zilizopauka zinamtuliza. Nikamwambia naelewa. Nami naelewa kweli, kwani hata mimi nikishika kijiko cha marehemu mama yangu chakula kina ladha nyingine, na huko kwetu tunasema ya kale ni dhahabu ingawa pia tunasema kipya kinyemi, kila mtu huchukua methali inayomfaa siku hiyo. Nikamwuliza swali moja tu: usiku wa kwanza alipofika, nilimsikia chumbani akichanganya vitu, aliziuliza nini?

Akainamisha uso. Alikuwa ameziuliza kama yule kijana aliyemchumbia atarudi kutoka Muscat.

Sikusema kitu. Kijana yule ana simu, ana mama, ana kaka zake wako Tanga. Kuna watu wa kuulizwa.

"Na wewe, Babu," akaniambia baadaye, "mbona hiki cha mzee hukukifukia?"

Hilo lilinishinda. Nikainuka nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, nikamletea. Alikifungua kwa vidole viwili. Sikumwonyesha majedwali, nilimgeuzia kurasa mbili tupu za mwisho, ambazo katika chapa yoyote mpya huzikuti. Hapo babu ameandika kwa mkono wake, Kiswahili cha hati ya Kiarabu, wino umekuwa wa kahawia. Mtoto hakuweza kuisoma hati ile, nikamsomea. Kuzaliwa kwa baba yangu, usiku wa Jumanne, mwezi wa Rajabu. Jahazi lililozama na majina ya watu watatu. Rupia mbili anazodaiwa na mwenye duka, kisha zimepigwa mstari. Mvua za masika zilizochelewa. Mtoto wa kike aliyezaliwa na kufa siku ya saba, na jina alilopewa, jina ambalo sikupata kulisikia likitajwa na mtu yeyote katika ukoo wetu.

Akaniomba nirudie jina hilo, akaliandika kwenye simu yake. Tukasoma mpaka mafuta ya taa yakapungua, na mahali pengine mwandiko ulinishinda nikaruka.

Aliondoka Jumamosi kwa gari la alfajiri. Niliporudi kutoka stendi nikakuta pakiti moja ya karata juu ya meza ya cherehani. Nikaikaribia nikidhani mtoto ameniachia ile ya zamani. Ilikuwa ile mpya.